Usizioshe stensili zako

"Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nilianza kukata stensili, yaani karatasi zenye matundu ya kupulizia rangi ya mkebe, mwaka 2012 nikiwa sekondari, kwa karatasi za manila na picha za eksirei zilizokuwa zikitupwa. Nilipuliza punda, jahazi na kina mama wa buibui kwenye kuta za mitaani, nyingine kwa ruhusa, nyingine usiku. Sasa galari moja ya Bristol, Uingereza, imenialika nikafanye maonyesho yangu ya kwanza nje ya nchi, na wanataka hasa kazi zangu za mwanzo. Kuta nyingi zimeshabanduka. Rafiki mmoja anasema tukate lipu iliyobaki tuisafirishe. Mwingine anasema nipulize upya kwenye kanvasi kwa stensili zile zile kisha niandike 2012, kwani mkato ni ule ule. Galari wanataka na stensili zenyewe, na nimepanga kuziosha kwa thina maana zimejaa rangi. Halafu wanachukua nusu ya bei. Je, naibiwa? Nifanye nini?"

Waalaikum salaam mwanangu, na hongera sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kama thina umeshainunua, ifunge uiweke mbali na makaratasi hayo, kisha ndipo tuzungumze.

Umeniuliza mambo manne, lakini naona yote yametoka kwenye hofu moja: umeitwa ulete kazi za mwanzo, na unapozitazama kuta unaona kazi hizo hazipo tena. Kwa hiyo unatafuta namna ya kuzirudisha, ama kwa kuukata ukuta, ama kwa kupuliza upya na kuandika mwaka wa zamani. Mimi nakwambia kazi zako za mwanzo unazo. Ni hayo makaratasi machafu uliyotaka kuyaosha.

Nieleze kwa nini. Stensili ni picha iliyotengenezwa kwa matundu. Ukikata herufi O, kile cha katikati huanguka na herufi inakuwa shimo tupu. Ili kisianguke, unaacha vijiti vyembamba vya karatasi vikishike. Cha katikati ndicho kisiwa, na vijiti ndivyo madaraja. Wewe mtu wa kisiwani sina haja ya kukufafanulia zaidi. Anayeandika kwa herufi za Kiarabu anakutana na jambo hilo hilo kwenye waw na mim, na dada zetu wanaotumia plastiki za kupakia hina wanaliona kila wanapoigandua mkononi: ua lina mapengo madogo ambayo mkono mtupu usingeyaacha.

Sasa, madaraja hayo ndiyo mwandiko wako. Mkataji mpya huyaacha manene, tena mahali pasipofaa, kwa sababu anaogopa karatasi isichanike. Akizoea, huyaficha kwenye kunjo la nguo au ukingo wa kivuli, hata mtazamaji asiyaone. Zitandaze stensili zako za 2012 kando ya za juzi. Utamwona yule mtoto wa sekondari anavyojifunza, tundu baada ya tundu. Hilo ndilo watu wa galari wanalolitafuta wanaposema kazi za mwanzo, hata kama hawakulieleza vizuri.

Na uchafu je? Chukua kioo cha kukuzia, uangalie ukingo wa tundu moja lililotumika sana, tuseme jicho la punda. Utaona rangi imejipanga tabaka juu ya tabaka: nyeusi chini kabisa, halafu labda nyekundu, halafu nyeusi tena, halafu buluu. Kila safari uliyotoka na mkebe imeacha tabaka lake, na tabaka hizo haziwezi kubadilishana nafasi. Utaona pia kwamba tundu limepungua, kwa sababu rangi hukauka ukingoni na kuliziba kidogo kidogo, na manila iliyolowa rangi hutoa nyuzinyuzi. Ndiyo maana punda wa kwanza ana jicho kali na punda wa kumi jicho lake limefinyika. Mwenye ujuzi akiwa na stensili mkononi na picha za kuta mezani anaweza kusema ukuta upi ulitangulia. Niliwahi kuletewa stensili tatu za msanii mwingine zilizooshwa zikang'aa, nikaombwa nithibitishe umri wa stensili hizo. Sikuwa na la kusema. Zilikuwa plastiki safi zenye matundu.

Basi usizioshe, usizikwangue, usizipige pasi. Zilaze bapa, kila moja itenganishwe na mwenzake kwa karatasi ya kuokea keki, ile isiyoshika. Ziweke ndani ya boksi gumu, juu ya kabati, mbali na dirisha na ukuta wa nje. Unyevu wa bahari ndio adui wa manila, na nyuma ya unyevu huja ukungu na wadudu. Zilizogandana usizivute. Ziache zilivyo.

Kuhusu zile za eksirei, umebahatika kuliko unavyojua, ila kuna jambo la kuangalia sana. Picha nyingi za eksirei zina jina la mgonjwa na tarehe pembezoni. Tarehe hiyo ni ushahidi mzuri, maana stensili haiwezi kuwa imekatwa kabla ya siku ambayo picha yenyewe ilipigwa. Lakini jina ni la mtu, na ugonjwa wake ni siri yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, usingependa kifua cha bibi yako kitundikwe Bristol na jina lake chini. Piga picha ya pembe hiyo kwa kumbukumbu yako binafsi, kisha lifunike jina kwa kipande cha karatasi kitakachokaa ndani ya fremu. Usilikwangue. Na nusa filamu hizo: ikiwa mojawapo inatoa harufu kali ya siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza nyingine. Hiyo itenge leo.

Nije kwa rafiki yako wa pili, anayesema uandike 2012. Hana nia mbaya, ila amekosea, na kosa hili lina uwezo wa kukuharibia jina kabla hujalijenga. Ni kweli mkato ni ule ule. Lakini kilichopo kwenye kanvasi si mkato peke yake. Ni rangi, ni shinikizo la mkebe, ni umbali wa mkono wako, na ni mtu wa leo aliyepuliza. Kanvasi ya mwaka huu yenye tarehe ya 2012 ni uongo ulioandikwa, na uongo huo unagundulika kirahisi: kanvasi ina umri, mkebe una umri, na lile tundu lililopungua litasema lenyewe.

Njia halali ipo, na wachapaji wa picha wameitumia muda mrefu. Unaandika miaka yote miwili: stensili ilikatwa 2012, imepulizwa mwaka huu. Unaamua idadi kabla hujaanza, tuseme 10, unaziandika 1/10 hadi 10/10 (hilo ndilo toleo), na ukifika 10 unaiacha stensili hiyo moja kwa moja. Mnunuzi anajua anachonunua, nawe unalala usingizi. Ukitaka kujua wenzako wamelichukuliaje suala hili, mtazame Banksy, msanii wa stensili aliyetokea Bristol hiyo hiyo unakokwenda. Tangu mwaka 2008 ana ofisi yake inayoitwa Pest Control, inayothibitisha kazi zilizo zake kweli, nayo haitoi hati kwa vipande vilivyong'olewa mitaani. Hati ni za kazi alizozitengeneza zitoke na kuuzwa, na cha ukutani ni cha ukutani.

Hapo ndipo penye rafiki yako wa kwanza na lipu yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuta za Lamu ndizo zilizonifundisha kazi hii.

Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate. Linafyonza maji kutoka chini, na maji hayo yana chumvi. Chokaa huyaruhusu yatoke: ukuta unapumua, maji yanakauka juu, chumvi inabaki nje kama unga mweupe, unaufagia basi. Sasa wewe umekuja na mkebe wa rangi ya mafuta, ukapuliza ngozi isiyopitisha kitu. Maji yanafika nyuma ya ngozi hiyo na kukwama. Chumvi inaganda pale pale, inatanuka, na inaisukuma rangi pamoja na chembe za lipu. Na ikiwa chokaa ilikuwa mbichi ulipopuliza, yenyewe huila rangi ya mafuta na kuigeuza kitu kama sabuni. Ndiyo maana utakuta pale ulipojaza rangi nzito, mfano buibui jeusi zima, pametoka vipande vipande, ilhali kamba nyembamba za jahazi bado zipo. Ukuta ulikuwa unapumua tu kama ulivyojengwa upumue.

Lipu ya namna hiyo ukiitia tindo itavunjika mikononi. Wapo wataalamu wa kubandua michoro ya ukutani kwa kitambaa na gundi, ila ni kazi ya waliosomea, na rangi iliyokwisha kuachana na chokaa haina cha kushikilia. Utaharibu nyumba ya watu na utabaki na ndoo ya vifusi.

Halafu kuna ruhusa. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda majengo ya namna hii. Kukata kipande cha ukuta wa mji wa kale na kukipakia meli ni jambo la kukufikisha mahakamani. Na sisi watu wa Lamu tumeshaonja uchungu huo. Milango ya kuchongwa imeng'olewa ikaenda kupamba nyumba za mbali, na kuta zenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, zimeachwa zikabomoka. Sitaki wewe, mtoto wa mji, uwe ndiye unayeendeleza.

Huko Uingereza pia limewatokea. Mwaka 2012 Banksy alipiga stensili ya mtoto aliyeinama kwenye cherehani akishona bendera, kwenye ukuta wa duka huko Wood Green, London kaskazini. Februari 2013 watu wa mtaa waliamka wakakuta ukuta umekatwa, na picha yao imo kwenye orodha ya mnada wa Miami, Marekani. Walipiga kelele hadi ikaondolewa mnadani, ingawa baadaye mwaka huo iliuzwa London. Mtoto yule alishonea bendera pale dukani, mbele ya watu wale. Ukimtoa pale umebaki na kipande cha lipu chenye picha ya mtoto. Na punda wako wa Langoni anaeleweka kwa sababu punda wa kweli wanampita na mizigo ya mchanga kila asubuhi.

Basi utundike nini Bristol? Ningekuwa wewe, ningezipa stensili zenyewe ukuta mkubwa kabisa, ndani ya fremu za vioo pande zote mbili, ili mwanga upite kwenye matundu na kivuli cha punda kiangukie ukuta wa nyuma. Hizo haziuzwi. Unawaazima galari kwa maandishi, na zinarudi Lamu. Kando yake weka picha za kamera za kuta zilivyokuwa na zilivyo leo, pamoja na jina la mtaa. Halafu toleo dogo la kanvasi au karatasi lenye miaka miwili, hilo la kuuza. Na weka kazi mpya, tena nyingi kuliko unavyofikiri, maana maonyesho ya kazi za zamani tupu humfanya kijana aonekane amekwisha kabla hajaanza.

Udhaifu wa mpango huu nauona. Stensili kwenye kioo ni ngumu kueleweka kwa asiyewahi kuikata, na usipouza sana safari hii unaweza kurudi na deni la fremu. Wengine wangekushauri uuze stensili mbili tatu, kwa kuwa ndizo zitakazopata bei. Mimi sikubaliani. Ukishauza stensili umeuza na uwezo wa kuthibitisha kila kilichotoka humo. Lakini ni mali yako, na kama nyumbani kuna ada ya mtu inayosubiri, sitakulaumu ukiuza moja. Uza ile ambayo toleo lake limekwisha kufungwa.

Usikubali kukimbizwa. Banksy alipofanya maonyesho yake ya kwanza Marekani, mwaka 2002 kwenye galari ya 33 1/3 huko Los Angeles, alikuwa ameshaonyesha kwao Bristol na London. Jean-Michel Basquiat, aliyeanza kwa kuandika kwenye kuta za New York, alipata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Modena, Italia, mwaka 1981. Mwaka uliofuata aliitwa tena huko huko, akawekwa kwenye jengo kubwa achore kanvasi kubwa kubwa kwa haraka ili maonyesho yawahi. Alichora nane, na yale maonyesho hayakufanyika. Baadaye alisema wazi kwamba alijiona kama yuko kiwandani. Galari ikikuomba kazi 20 ndani ya wiki tatu, sema utaleta nane nzuri.

Nusu ya bei si wizi. Ndiyo desturi ya galari nyingi duniani kwa kazi wanazouza kwa niaba ya msanii, na ndani yake mna kodi ya jengo, mishahara, na wateja waliowatafuta kwa miaka. Wizi, ukiwepo, utakuwa kwenye yale yasiyoandikwa. Nani analipa usafiri wa kwenda, na wa kurudi? Bima inaanza Lamu au inaanza Bristol? Wakimpunguzia mteja bei, punguzo linakatwa kwenye fungu la nani? Pesa yako inakufikia siku ngapi baada ya mauzo? Zisizouzwa zinarudi lini? Hayo yote yawe kwenye mkataba uliotiwa saini kabla boksi halijaondoka kisiwani.

Soma kwa makini sana kifungu chochote kinachotaja hakimiliki. Anayenunua kanvasi ananunua kanvasi. Haki ya kuichapa ile picha kwenye fulana, kadi au mfuko inabaki kwako, na kwa sheria ya Kenya inaendelea miaka 50 baada ya msanii kufariki. Sheria hiyo hiyo, tangu irekebishwe mwaka 2019, inampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Hakimiliki unaipata kwa kuitengeneza kazi, ila kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kunakupa karatasi ya kuonyesha siku ya ugomvi. Mkataba ukisema unawahamishia hakimiliki, simama hapo hapo umtafute wakili wa kukaa naye meza moja. Hilo si la kumalizwa kwa barua kama hii.

Mambo ya safari nayapitia haraka. Sanduku litengenezwe kwa plaiwudi, maana mbao za kawaida zisizopashwa joto na kugongwa muhuri wa kimataifa huzuiwa bandarini kwa ajili ya wadudu. Kanvasi ikikunjwa, rangi iwe nje ya mviringo, na mviringo uwe mpana. Mikebe ya rangi usiibebe, haipandi ndege, utanunua huko huko. Kazi halisi za sanaa zikiingia Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya ile ya kawaida, na zinazokwenda kuonyeshwa na kurudi zina utaratibu wake wa kuingia kwa muda. Waambie galari washughulikie, wao wanalijua.

Zile ulizopuliza usiku bila ruhusa, wafuate wenye nyumba kabla kitabu cha maonyesho hakijachapwa. Nenda mchana, na mtu mzima wa familia yako, uwaambie kwamba picha ya ukuta wao itaonekana Uingereza. Ninavyowajua watu wa Langoni, wengi watakukaribisha kahawa. Atakayekataa, mwondoe. Na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu nenda mwenyewe, na stensili mbili tatu ndani ya boksi. Nenda hasa ukiwa na filamu yenye harufu ya siki, makaratasi yaliyogandana, au rangi inayodondoka unapoinua. Hivyo vinataka mtu avione kwa macho.

Kuna jambo moja hukuniuliza. Picha ulizopiga mwaka 2012 zitafute kwenye simu yenyewe au kadi yake, si zile ulizowatumia marafiki. Picha ikipita WhatsApp hubanwa, na taarifa za siku na saa zilizomo ndani yake hufutika. Ile ya asili bado inazo. Simu hiyo, hata kama kioo kimepasuka, itafutie chaja leo jioni.